Maswali yanayoulizwa sana kuhusu kubadilisha spea kwenye Hilux dabo kebini ya zamani (1988 hadi 1997)

Hapa tunaongelea ile Hilux ya kizazi cha tano, hasa LN106, dabo kebini 4x4 yenye dizeli, ile ambayo mashamba ya mkonge, miradi ya maji, misheni na halmashauri zilizitumia mpaka wakachoka watu na sio gari. Ndio gari ninayoipenda kuliko zote na ndio maana majibu mengine ni marefu, ukiona swali halikuhusu ruka.

Nitajuaje kama yangu ni LN106 kweli na sio ndugu zake?

Fungua boneti usome kile kibati kwenye ukuta wa mbele wa kebini, namba ya chesisi inaanza na hizo herufi. LN105 ni chesisi fupi, LN106 ni chesisi ndefu, zote mbili mbele zina ekseli nzima na springi za bapa, yaani vile vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. LN107 na Surf ya LN130 mbele zina mikono na tosheni baa (vyuma vinavyojipinda badala ya springi), kila tairi linacheza peke yake. Ila usitegemee kibati peke yake maana hizi gari zimeshapita mikono mingi, lala chini uangalie kwa macho. Ukiona bomba moja nene la ekseli limetoka tairi la kushoto mpaka la kulia na difu (lile bonge lenye gia za ekseli) ikiwa upande mmoja, hiyo ndio yenyewe. Hili ni muhimu kabla hujanunua hata boliti moja, kwa sababu spea nyingi za mbele za LN106 na LN107 haziingiliani kabisa, na muuzaji akishakuuliza tu "Hilux ya mwaka gani" bila kuuliza namba ya chesisi jua unaenda kurudi tena kesho.

Nianze na nini? Nina hela kidogo na gari ina matatizo mengi.

Anza na chesisi, halafu breki, halafu upozaji wa injini, halafu ndio uje kwenye injini yenyewe na urembo. Najua kila mtu anataka kuanza na rimu na bampa la bomba ili gari ionekane, lakini ukishapaka rangi na kufunga tairi kubwa juu ya chesisi iliyooza ni hela imemwagika, siku ukigundua utavua kila kitu upya.

Gari zilizokaa pwani, Tanga, Mombasa, Zanzibar, Lindi huko, gonga chesisi yote kwa nyundo ndogo hasa nyuma pale springi inaposhikia na pale bodi ya mizigo inapokaa. Mlio mkavu ni chuma kizima, mlio wa kufa umeoza ndani. Na usikubali fundi apige pati (ile dawa laini ya kuziba mabonde ya bati) kwenye chesisi, pati ni ya bodi, chesisi ni kukata sehemu iliyooza na kuchomelea chuma kipya cha unene ule ule, na afanye mtu anayejua kuweldi chesisi sio yule anayetengeneza mageti. Bara kule Dodoma au Singida kutu sio kesi sana, huko kinachoua ni nyufa za barabara mbovu, angalia karibu na stiaringi boksi.

Injini yangu 3L imekufa. Niweke gani? 3L nyingine, 5L au 1KZ?

Hili ndio swali linaloulizwa kuliko yote na jibu langu ni hili: kama unataka gari ifanye kazi na isikusumbue, rudisha 3L au panda kwenda 5L. Kama unataka nguvu kweli na una hela ya kumaliza kazi yote, 1KZ. Katikati ya hapo hakuna.

3L ni cc 2779, pampu yake ni ya mitambo haina kompyuta, nguvu ni kama hosipawa 90 hivi. Ni injini ya kazi, haina haraka. 5L ni cc 2986, familia ile ile ya L, kwa hiyo inakaa kwenye maunti zile zile, gia boksi ile ile inashika, stata na alternata unahamisha. Tofauti ya nguvu kwa namba ni ndogo lakini ukiwa umebeba mzigo unapanda mlima wa Sekenke unaisikia. Kwa mtu wa kijijini ambaye fundi wake ana spana na akili tu, 5L ndio jibu, sina wasiwasi hapo.

Ukifika kwenye gasketi ya hedi kuwa makini sana. Silinda ya 3L ina upana wa 96 mm, ya 5L 99.5 mm, gasketi haziazimani hata kama matundu ya boliti yanalingana. Halafu Toyota walitoa gasketi za unene tofauti zenye alama B, D na F, unachagua kulingana na pistoni inavyotokeza juu ya bloku ikiwa imepanda mwisho, na hiyo inapimwa kwa daial geji sio kwa kidole. Mafundi wengi wanafunga yoyote iliyopo dukani. Nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni inakaribiana na hedi kupita kiasi, nene kuliko inavyotakiwa, asubuhi gari haiwaki vizuri na inatoa moshi mweupe, halafu mtu anaanza kulaumu nozo.

1KZ-TE ni cc 2982 yenye tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa nyingi), kutegemea imetoka gari gani inatoa hosipawa 125 mpaka 145, na ndio injini ya Prado na Surf za miaka ya tisini kwa hiyo zipo nyingi. Lakini hiyo E maana yake pampu inaongozwa na kompyuta. Ukinunua injini bila kompyuta yake, bila waya zake, bila pedali ya mafuta yenye sensa kama ni ya aina hiyo, umenunua chuma. Nunua nosi kati, yaani sehemu yote ya mbele ya gari iliyokatwa, iwe na kila kitu, na kabla hawajaikata au kuitenganisha iwashwe uisikie. Utahitaji pia gia boksi yake, R150 au R151, kwa sababu gia boksi ya 3L haikutengenezwa kwa msukumo ule, propela shafti itabidi zirekebishwe urefu, rejeta kubwa, na nafasi ya intakula (kirejeta cha kupoza hewa ya tabo) uitafute. Na 1KZ ikipata joto hedi yake inapasuka mapema kuliko unavyofikiria, kwa hiyo upozaji sio wa kubahatisha.

Kuna wanaouliza 2L-T ya Surf kwa sababu ni rahisi kuipata na inaingia bila shida. Inaingia, ndio. Ni cc 2446 yenye tabo na inajulikana dunia nzima kwa kupasua hedi. Achana nayo.

Je, nikifunga tabo tu juu ya 3L yangu?

Inawezekana na watu wamefanya, ila 3L ina kompresheni ya 22.2 kwa 1, ni ya juu, haikupangwa kupuliziwa. Ukitaka kufanya, pulizia kidogo, weka intakula, weka geji ya joto la egzozi kabla ya tabo, na uheshimu ile geji kama unavyoheshimu geji ya oili. Kinachoharibu injini nyingi ni fundi kufungua skrubu ya mafuta kwenye pampu ili gari "iwe na nguvu", bila hewa ya kutosha, moshi mweusi unatoka kama treni na joto linakula pistoni polepole. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ambayo haijaungua.

Gari inachemsha. Fundi ametoa thamostati akasema kwa nchi zetu za joto haihitajiki. Ni kweli?

Si kweli, na naomba hili lisambae. Kwenye injini nyingi za Toyota za zama hizo thamostati ina kazi mbili: inafungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo kisahani chake cha chini kinaziba njia ya mkato ambayo maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Kwa hiyo umeitoa ili isichemshe na sasa inachemsha zaidi ukiwa mlimani na mzigo. Halafu wakati wa baridi, Mbeya, Njombe, Nyeri, Eldoret, injini haifikii joto lake na dizeli inaungua vibaya.

Tafuta sababu yenyewe. Rejeta imeziba, hii ni ya kwanza maana gari imetiwa maji ya kisima yenye chumvi kwa miaka 30. Feni klachi imekufa, ile feni inapaswa kukaza injini ikiwa ya moto, ikizunguka kwa ulegevu muda wote mafuta yake ya silikoni yameisha, na mafuta hayo yanaweza kuongezwa sio lazima ununue nzima. Kile kikava cha plastiki kinachozunguka feni kimetolewa na mtu akakitupa, kirudishe, bila hicho feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kupitia rejeta. Kifuniko cha rejeta kimelegea. Ukimaliza yote hayo weka kulanti, sio maji matupu.

Taiming belti ya 3L nibadilishe lini?

Kila kilomita 100,000, na kama umenunua gari au injini used hujui historia yake, badilisha siku hiyo hiyo kabla hujaitembeza, pamoja na beringi yake ya kukazia. Ikikatika valvu zinagonga pistoni.

Nataka kuinua gari. Inchi ngapi zinatosha?

Inchi mbili. Hilux hii kutoka kiwandani ipo juu tayari, ukiweka springi nzuri mpya za inchi mbili na shokapu zenye urefu unaolingana umemaliza, tairi la 265/75R16 linaingia bila kukata kata magadi kupita kiasi. Ukienda inchi nne au sita ndio unaanza kufukuzana na matatizo: propela shafti inakaa kwenye pembe mbaya na inatetemeka, senta beringi ya katikati inahitaji kushushwa kwa kuwekewa kipande, hozi za breki zinavutika, na stiaringi.

Hii ya stiaringi wengi hawaielewi. LN106 stiaringi boksi inasukuma fimbo inayokwenda mbele na nyuma, sio kulia na kushoto. Ukiinua gari ile fimbo inakaa kwa mteremko mkali, na kila springi ikicheza fimbo inavuta usukani yenyewe, ukipita matuta gari inaenda inakotaka. Suluhisho ni mkono uliopindwa kufuata kipimo cha kuinua, au kuhamia mfumo wa fimbo inayopita kulia kwenda kushoto kwa kutumia stiaringi boksi ya Hilux au Surf yenye mikono ya mbele, ambayo inafungwa nje ya chesisi, na hapo chesisi iongezwe bamba la chuma kwa ndani kabla ya kufunga boksi. Ni kazi nzuri sana ikifanywa vizuri. Isipofanywa vizuri inapasua chesisi.

Kuinua kwa kurefusha shakeli (kiunganishi cha mwisho wa springi na chesisi) tu sikubaliani nako, hasa mbele, kwa sababu unazungusha ekseli nzima na pembe ya kasta (inayofanya usukani ujirudishe katikati) inabadilika, gari inaanza kuyumba kwenye lami. Na kuweka vipande kati ya ekseli na springi za mbele, hapana, usifanye.

Gari yangu inabeba mizigo, niongeze vipande vya springi nyuma?

Ongeza kimoja kama mzigo ni wa kila siku. Vikizidi hapo gari tupu inaruka na abiria wa nyuma wanateseka, na bodi ya mizigo inaanza kupasuka kwenye kona. Yu-bolti zikishafunguliwa nunua mpya, zile za zamani zimeshavutika.

Halafu hapa kuna kitu ambacho karibu kila gereji inakisahau. Nyuma karibu na ekseli kuna valvu ya breki yenye mkono mrefu ulioshika kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima gari limekaa chini kiasi gani, likiwa na mzigo inaruhusu breki nyingi nyuma, likiwa tupu inapunguza ili tairi za nyuma zisijifunge. Ukiinua gari au ukaongeza springi, ile valvu inadhani gari ni tupu siku zote. Umebeba tani moja ya saruji unashuka Kitonga na breki za nyuma zinafanya kazi nusu, mbele zinapata moto peke yake. Ule mkono lazima urekebishwe au sehemu unaposhikia kwenye ekseli iinuliwe kwa kipimo kile kile ulichoinua gari. Ni kazi ya dakika chache, haina gharama, na inaweza kuwa ndio tofauti ya kufika na kutofika.

Niweke disiki nyuma badala ya dramu?

Sio lazima. Dramu za Hilux zikiwa na shuu nzuri, silinda hazivuji, na marekebisho yamefanywa zinashika vizuri tu, na tope haliziharibu haraka. Hela hiyo weka kwenye hozi mpya zote, pedi orijino za mbele na masta silinda. Kuhusu masta silinda, ukichukua ya gari lingine angalia upana wa ndani uliochapwa ubavuni mwake, 7/8, 15/16 au inchi 1. Kubwa zaidi inafanya pedali iwe ngumu na fupi lakini inataka mguu uwe na nguvu zaidi, sio kwamba kubwa ndio breki kali.

Rimu gani zinaingia?

Hilux hii ina boliti 6 kwenye duara la 139.7 mm, na hapo ndipo watu wanapodanganyika kwamba kila rimu ya boliti 6 inaingia. Tundu la katikati la Toyota ni 106 mm. Rimu za L200 na Pajero zina boliti sawa kabisa lakini tundu lao la katikati ni kama 67 mm, haziwezi kupita kwenye habu yako. Navara D40 ina boliti 6 lakini duara ni 114.3, haiingii. Land Cruiser 100 na 200 ni boliti 5, sahau.

Za Prado na Hilux Vigo boliti zinakubali na tundu linakubali, ila rimu yenyewe imekaa ndani sana, kwenye ekseli nzima ya mbele tairi linakwenda kugusa springi au fimbo ya usukani ukikata kona. Jaribu kwanza, funga rimu bila tairi, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Speza za alumini zile za bei poa za kubandika kati ya habu na rimu kwa gari ya kubebea watu sizipendi hata kidogo.

Nikiweka tairi kubwa kitatokea nini?

Ya kiwandani nyingi zilikuja na 205R16, kipenyo chake ni kama 740 mm. 265/75R16 ni kama 804 mm. Hiyo ni zaidi ya asilimia 8, maana yake spidomita ikisoma 80 wewe uko kama 87, na trafiki wa pale mteremkoni hatakusikiliza ukimweleza. Pia ni kama umebadilisha difu, kama ulikuwa na 4.10 (propela inazunguka mara 4.10 tairi zikizunguka mara moja) sasa gari inajisikia kama ina 3.77, gia ya tano inakuwa ya mapambo kwa injini ya hosipawa 90. Spidomita inarekebishwa kwa kubadilisha ile gia ndogo ya plastiki pale waya wa spidi unapoingia kwenye gia boksi ya 4x4, zipo zenye meno tofauti. Nguvu inarudi kwa kubadilisha uwiano wa difu.

Hapo hapo kwenye difu: nimepata difu ya nyuma used, nitajuaje namba yake kabla sijaifunga?

Kama imefunguliwa, hesabu meno ya kraun ugawanye kwa meno ya pinioni. 41 kwa 10 ni 4.10, 43 kwa 10 ni 4.30, 41 kwa 9 ni 4.556, 39 kwa 8 ni 4.875.

Kama bado ipo kwenye gari: weka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele, gia fri, inua tairi moja tu la nyuma, weka stendi, achia handibreki. Chora alama kwenye tairi na kwenye propela shafti. Zungusha tairi lililoinuliwa mizunguko miwili kamili, mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo sana ni 4.10, mara nne na nusu na ushee ni 4.556, ikikaribia tano ni 4.875. Mizunguko miwili kwa sababu lile tairi lingine limesimama. Njia hii ni ya difu ya kawaida tu, zile za kubana (zinazozuia tairi moja kuzunguka peke yake) hazitakubali.

Na ya mbele na ya nyuma LAZIMA zifanane. Watu wanafunga difu ya nyuma yenye namba tofauti, gari inatembea vizuri miezi mingi kwa sababu wako kwenye 2H (zinavuta tairi za nyuma tu), siku mvua imenyesha wanaingiza 4H (zinavuta tairi zote nne) kwenye ardhi ngumu, mitambo inapigana yenyewe kwa yenyewe mpaka kitu kivunjike. Mara nyingi kinavunjika porini.

Zile habu za kufunga kwa mkono mbele, nizitoe niweke za kudumu?

Ziache. Za Aisin za zamani ni bora kuliko nyingi mpya za kichina. Zifungue, safisha, weka grisi kidogo ya nyepesi, grisi nyingi nzito inazifanya zisiingie. Ila ukiwa unafanya kazi huko huko angalia sili kubwa za kwenye nako (kiungo cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na tairi), ukiona mchanganyiko wa grisi na oili unachuruzika ndani ya tairi la mbele oili ya difu imepita sili ya ndani na inaosha grisi ya jointi. Sili, beringi za nako, beringi za habu, fanya zote kwa mpigo mmoja.

Nina Hilux kebini moja LN106, naweza kuigeuza iwe dabo kebini?

Kwa nadharia chesisi ni ndefu zote mbili, lakini sehemu kebini inaposhikia ni tofauti, bodi ya mizigo ya kebini moja ni ndefu haitakaa, tanki, hozi, waya, handibreki, vyote vinaguswa. Kama una kebini nzima ya dabo iliyokamilika na fundi bodi wa uhakika inafanyika, lakini ukijumlisha gharama ungepata dabo kebini kamili. Kukata kebini moja na kuunganisha kipande cha nyuma kwa kuchomelea paa na nguzo, hilo nakataa kabisa. Nguzo zile ndio zinazowalinda watu gari likibingirika na nyuma watakaa watoto wako.

Tukiwa hapo hapo, gari nyingi za umri huu kiti cha nyuma hakina mikanda. Weka. Nati za mikanda zifungwe kwenye sehemu zilizoimarishwa au uchomelee bamba nene chini, sio kwenye bati tupu. Kwangu mimi hii inatangulia redio, inatangulia siti za ngozi.

Spea za bodi zinapatikana wapi?

Dar anzia Gerezani na Ilala, Nairobi Kirinyaga Road, ile wazee wanaiita Grogan, Kampala Kisekka. Ukiwa na ndugu Sharjah, kule industrial kuna yadi za spea used mpaka unachoka kutembea, na mzigo unakuja kwenye kontena la kuchangia. Boneti, magadi ya mbele na grili za Surf ya 130 ya miaka hiyo hiyo nyingi zinakaa kwenye Hilux, kwa hiyo ukikosa za Hilux uliza za Surf. Na mwenye ndugu Ujerumani amwambie atafute Volkswagen Taro, ni Hilux hii hii iliyobadilishwa nembo.

Raba za milango na vioo chukua mpya. Taa za mbele, usiweke balbu za wati 100 kwenye waya za zamani, swichi inayeyuka. Weka rilei mbili karibu na betri, waya mpya mnene, balbu za kawaida za 60/55, utashangaa mwanga uliokuwa unapotelea kwenye waya miaka yote.

Glou plagi nazo ziangalie namba ya volti ilivyoandikwa, kuna za 6V na za 11V kulingana na mfumo wa gari, ukikosea zinaungua siku ya kwanza au haziwaki kabisa.

Nikibadilisha injini, karatasi inakuwaje?

Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari. Tanzania unapeleka taarifa TRA ili kadi ibadilishwe, Kenya ni NTSA na gari inakaguliwa. Vivyo hivyo ukibadilisha rangi au aina ya bodi. Dai risiti ya injini yenye namba yake imeandikwa, na kama imeagizwa nje dai na karatasi za forodha. Injini isiyo na karatasi usinunue hata kwa bei ya kutupa, maana ya wizi ikija kutambulika utakayehojiwa ni wewe uliyenayo. Bima nayo wape taarifa kwa maandishi, ajali ikitokea na injini si ile iliyoandikwa, wana sababu ya kukataa kulipa.

Fundi anataka abaki na spea za zamani alizotoa. Nimwachie?

Hapana, kwa heshima tu mwambie unaondoka nazo. Kwanza unathibitisha kilichobadilishwa kimebadilishwa kweli. Pili spea orijino ya Toyota iliyochakaa mara nyingi inarekebishika na kuwa bora kuliko feki mpya: stata inabadilishwa makaboni, pampu ya dizeli inafungwa seti mpya ya sili, kalipa inabadilishwa raba, ekseli ya mbele inasafishwa. Kreti moja stoo, kila kitu kipakwe oili kifungwe kwenye nailoni na kuandikwa kimetoka wapi. Kama umepanda 5L na ile 3L bloku yake ni nzima haijapasuka, hiyo funika vizuri uiweke mbali na mvua, maana bloku nzima zenye namba na karatasi zinazidi kuwa adimu na kuna mtu huko Songea au Kitale anaitafuta.